Sauti inamtibu nani, anayesikiliza au anayepiga?

Ukiishi Unguja ukapiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, kwenye taarabu, ukafundisha vijana ilimba na zeze, na wikendi ukawalaza wageni kwenye mikeka wasikilize mabakuli yanayovuma yakigongwa, utaulizwa tu: wewe ni mwalimu au mganga? Mwalimu, tena anayependa kubishana.

Ilimba ndiyo iliyonifungua masikio. Ni ala ya Wagogo wa Dodoma, aliyoitembeza duniani marehemu Hukwe Zawose hadi alipofariki 2003: sanduku la mbao lenye vyuma, na matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume kama nyuki. Noti zake zinafuata sauti ndogondogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja nzito: ya nne, ya tano, ya sita, kuendelea. Ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu toni. Wanafunzi waliokulia kwenye kinanda hunieleza, kwa adabu zote, kwamba ilimba yangu imelegea. Huwaambia waimbe nayo kwanza, simu wazizime.

Kanuni ina mambo yake. Nyuzi zinapita 70, tatu tatu kwa kila noti, na pembeni kuna vibao vidogo vya chuma unavyonyanyua kwa mkono wa kushoto kupandisha sauti kidogo. Noti ya tatu ya Rasti, moja ya makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, huipati kwenye kinanda, imekaa katikati ya kitufe cheusi na cheupe. Akodiani nayo haina, kwa hiyo tukipiga pamoja mmoja wetu lazima amwachie mwenzake.

Masikio yaliyozoea vipimo vyote hivyo hayawezi kuamini kirahisi kwamba kuna namba moja inayotibu. Wenzangu wengi wa tiba ya sauti huhubiri herzi 432, yaani mitetemo 432 kwa sekunde kwa noti ya A inayotumika kulinganishia ala, wakidai kwamba 440, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1955, kinauchokoza mwili. Mafundi wa ilimba Ugogoni hawakuhitaji namba hiyo wala hii. Na yale mabakuli meupe ya kwatsi yanayouzwa kama hekima ya kale yametokana na vyungu vya viwandani vya kuyeyushia silikoni! Nayapenda hata hivyo. Mvumo wake ni mrefu, pumzi ya msikilizaji inatulia, wengine husinzia. Ninachouza ni mapumziko basi. Mwenye shinikizo la damu aendelee na vidonge vyake.

Ushahidi ulionivutia zaidi unahusu wapigaji. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la BMJ lilichapa jaribio la Uswisi lililohusu watu 25 wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini. Waliofundishwa didgeridoo, lile baragumu refu la mbao la wenyeji wa Australia, wakalipiga kwa miezi 4, walipungukiwa na usingizi wa mchana kuliko wenzao waliobaki wakisubiri zamu. Hawakulazwa wakapigiwa: walipuliza wenyewe, na maelezo ya watafiti ni kwamba njia ya hewa ilipata mazoezi.

Pwani yetu ina mpangilio unaofanana na huo. Kwenye ngoma ya kupunga pepo mwele haachwi pembeni kama mtazamaji. Anaketi katikati, waliowahi kuugua wanamwimbia, na hutazamiwa ainuke acheze. Habari za pepo zina wenyewe, sizigusi. Mimi naangalia nani anafanya kazi.

Kwa hiyo siku hizi napunguza muda wa mkeka. Mgeni hulala kidogo, kisha nampa ilimba niliyoiacha na vyuma vichache visivyogombana, nikamwonyesha mzunguko mmoja wa vidole gumba na kumwachia aurudie hadi mabega yashuke. Malalamiko yapo, maana kuna waliolipia kulala. Hao nawaelekeza hoteli za jirani, mabakuli huko hayana uhaba.