Ukoko mweupe kwenye vigae vya bwawa: chembe ipi, presha kiasi gani

Wenye mabwawa wengi wanaonipigia simu huanza hivi: "Fundi, nimesugua mpaka vidole vimechubuka, ule mstari mweupe hautoki." Kabla sijauliza lolote kuhusu ukubwa wa bwawa, namwomba achukue siki jikoni, adondoshe tone moja juu ya ule weupe, kisha asogeze uso atazame. Jibu lake ndilo linaloniambia nipakie chembe zipi kwenye gari, maana ukoko huo naubandua kwa kuupuliza chembe kwa upepo wa kompresa.

Tone likichemka na kutoa povu, hiyo ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs iko kama kwenye 3, nayo hutoka bila ubishi mkubwa. Tone likitulia kimya kama maji, mara nyingi ni silikati ya kalsiamu: ukoko wa kijivujivu, mgumu, uliojijenga kwa muda mrefu. Huo asidi haiuwezi kirahisi, na ndio uliowachubua wengi vidole.

Ukoko hukaa kwenye mstari wa maji kwa sababu hapo ndipo maji yanapokauka. Wimbi dogo hupanda juu ya kigae, jua hulikausha, madini hubaki. Wimbi lingine huongeza tabaka. Maji yenye pH inayovuka 7.8, au yenye kalsiamu zaidi ya miligramu 400 kwa lita, huharakisha kazi hiyo. Joto nalo huchangia kwa namna inayowashangaza wengi: sukari na chumvi nyingi huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya moto, lakini kaboneti ya kalsiamu ni kinyume, maji yakipata moto uyeyukaji wake hupungua. Ndiyo maana bwawa lenye hita hushika ukoko mapema kuliko la maji baridi.

Sasa tuje kwenye kupuliza. Kompresa inasukuma upepo, upepo unabeba chembe kutoka kwenye tangi, chembe zinatoka kwenye pua ya mpira kwa kasi na kuupasua ukoko. Wazo lenyewe ni la zamani. Mmarekani Benjamin Tilghman alipata hataza yake mwaka 1870, akitumia mchanga. Na hapa nasema bila kuzunguka: mchanga usitumike kabisa, hata kama ni mdogo, hata kama ni wa bure. Mchanga una silika, ukipasuka hutoa vumbi laini lisiloonekana, na vumbi hilo likikaa kwenye mapafu huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Uingereza ilipiga marufuku kupuliza kwa mchanga tangu 1949. Anayekuja kwako na gunia la mchanga na kitambaa cha kufunga puani, mrudishe.

Chembe nzuri ni ile iliyo ngumu kuliko ukoko na laini kuliko kigae. Ngozi ya juu ya kigae cha kuchomwa ni kioo, na ugumu wake huanzia karibu 5 kupanda. Chokaa, tumesema, ni 3. Kieseriti, ambayo ni aina ya salfeti ya magnesiamu, ina ugumu wa kama 3.5. Inaingia katikati kabisa, na kwa chokaa ya kawaida ndiyo ninayoitegemea. Bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa ile ya kuumulia keki, iko kama 2.5; kwa tabaka jembamba na vigae vya kuonea huruma inatosha, maana chembe zake hupasuka zinapogonga na kule kupasuka ndiko kunakokwangua. Kwa silikati natoa shanga za kioo. Ugumu wake unakaribiana na wa kigae chenyewe, kinachosaidia ni kwamba ni mviringo: zinagonga, hazichani.

Kukaribiana huko kulinifundisha adabu. Miaka yangu ya mwanzo nilipiga shanga za kioo kwenye vigae vya buluu iliyokoza, vilivyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukoko ulikuwa mgumu, nikapandisha presha na kusogea karibu. Nilipomwagia maji, vigae viling'aa, nikaridhika nikaanza kukunja mipira. Baada ya nusu saa mwenye bwawa akaniita. Vigae vilikuwa vimekauka, na juu yake kulikuwa na alama za nusu duara, zimefifia, moja kando ya nyingine, zikifuata kila mahali mkono wangu uliposita. Akapitisha kidole, akanitazama bila kusema neno. Ngozi ya kigae ikishakwaruzwa hairudi. Nilivibadilisha vile vigae kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sipimi kazi kwenye kigae kibichi. Maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Napiga vigae viwili kwenye kona isiyoonekana sana, nafuta, nasubiri vikauke kabisa, naviinamia kwa pembeni mwanga ukiwa umelala, ndipo naendelea.

Maji nayashusha kama sentimita 20 au 30 chini ya vigae, basi. Kulimwaga bwawa lote ni hatari ambayo watu huisahau: kama maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au kuinuka.

Presha naanzia chini, psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba), na ni nadra kuvuka 60. Pua naielekeza kwa pembe ya kama nyuzi 45, maana ukipiga wima unachimba badala ya kubandua, na mkono hausimami hata sekunde mbili mahali pamoja. Sikio husaidia kuliko jicho, kwa kuwa vumbi hufunika kila kitu. Juu ya ukoko sauti ni nzito, kama mvua juu ya makuti; kigae kikiwa wazi sauti inakuwa kali na nyembamba. Ikibadilika, songa. Kwenye viungo songa upesi zaidi, kwa sababu grauti, kile kijazo cha kati ya vigae, ni saruji tu, nayo huliwa kabla ya kigae. Grauti iliyokuwa imeoza tayari itatoka, na ni vizuri mwenye bwawa aambiwe hivyo mapema, si baada ya mashimo kuonekana.

Yapo ambayo sipigi kabisa. Vigae vilivyochorwa kwa mkono juu ya ngozi ya kioo, vyenye rangi ya dhahabu au ya kumetameta, mabwawa ya faibaglasi na ya plastiki. Mawe laini kama travatini nayaogopa pia: ni kaboneti ya kalsiamu yenyewe, kwa hiyo chembe haiwezi kutofautisha ukoko na jiwe.

Mwili nao. Barakoa ya kichujio inayobana uso, kofia ya kufunika kichwa chote, kinga ya masikio, glavu ndefu, na kishikio ambacho ukikiachia upepo unakatika wenyewe. Mpira wenye upepo ukiponyoka bila kishikio hicho hupiga kama nyoka. Hata chembe isiyo na silika hubandua vumbi la grauti na saruji, na humo silika imo.

Shanga za kioo huzama. Zivute kwa fagio la maji, lile linalofyonza uchafu wa chini ya bwawa, moja kwa moja hadi njia ya kumwaga, zisipite kwenye kichujio, na maji yasizungushwe kupitia kichujio kabla hujamaliza. Kieseriti huyeyuka, lakini polepole. Naning'iniza turubai chini ya vigae kuikinga, kwa sababu salfeti ikirundikana huila saruji ya bwawa. Bikaboneti hupandisha alkali ya maji.

Maji yakirudi kwenye mstari wake, washa pampu yazunguke siku nzima, kisha pima: pH kati ya 7.2 na 7.8, alkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita, kalsiamu 200 hadi 400. Pima tena baada ya siku tatu, na brashi laini ipite kwenye ule mstari kila wiki, wakati chokaa bado ni unga.