Mchora vibonzo ni nani hasa? Tumtazame Dave Gibbons

Wengi huamini kwamba mchora vibonzo ni mpambaji: mwandishi ametunga hadithi, yeye anaongeza picha. Mimi sikubali. Mchoraji ni msimulizi, na ushahidi wangu ni Mwingereza Dave Gibbons.

Hadithi ya vibonzo hukatwa vipande vinavyoitwa fremu, vile visanduku vya ukurasani. Fremu ndogo zikifuatana, msomaji huenda kwa mapigo. Akikutana na fremu pana, husimama. Kwa hiyo anayepanga fremu ndiye anayeshika mwendo wa hadithi.

Gibbons alizaliwa mwaka 1949, akasomea upimaji wa majengo, na uchoraji akajifunza mwenyewe. Mwaka 1977 alikuwamo katika toleo la kwanza la 2000 AD, jarida la vibonzo la Uingereza. Baadaye akachora vibonzo vya Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa Uingereza, kisha DC, kampuni ya vibonzo ya Marekani, ikamchukua. Huko Marekani kazi ilizoeleka kugawanywa: huyu penseli, yule wino, mwingine maneno, mwingine rangi.

Katika Watchmen, hadithi ya vibonzo ya DC iliyotoka kwa matoleo 12 mwaka 1986 hadi 1987, Gibbons alishika penseli, wino na hata maneno ya wahusika ndani ya viputo, yote kwa mkono wake. Rangi zilikuwa za John Higgins. Mwandishi, Alan Moore, alimletea maelekezo ya toleo la kwanza yenye kurasa zaidi ya 100, mistari imebanana. Gibbons akakaa nayo na kalamu ya kukolezea, akitenga maneno ya kuandikwa na mambo ya kuchorwa. Maelekezo yote hayo yalipaswa kuingia kwenye kurasa zisizofika 30 za vibonzo.

Lakini umbo la ukurasa, fremu tisa, tatu kwa tatu, lilitokana na pendekezo la Gibbons. Fungua ukurasa wa kwanza. Beji ya njano yenye sura inayotabasamu iko kwenye mtaro wa barabara, ndani ya damu. Fremu inayofuata tumepanda kidogo, tunaona maji yanaisukuma damu. Tunapanda tena, na tena: mwenye kuosha barabara anakuwa mdogo kama sisimizi. Kisha fremu tatu za chini zinaungana kuwa moja pana, na tumefika juu ghorofani, kwenye dirisha lililovunjika, mtu anachungulia chini. Damu ile ni ya mtu aliyeanguka kutoka dirisha hilo na kufa; kimo alichoanguka tumekipanda wenyewe, hatua kwa hatua.

Mpangilio huo wa tisa unadumu toleo baada ya toleo, hadi jicho linauzoea kama mapigo ya moyo. Halafu toleo la 12 linafunguka: kurasa sita mfululizo, kila ukurasa picha moja tu, New York imejaa maiti. Fremu zimetoweka. Msomaji hana mahali pa kukimbilia, anabaki anatazama.