Zakatul-fitri: kazi ya kamati ya msikiti huanza Shaabani

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Hapa Mtwara huo ndio wakati mgumu: fedha ya korosho imekwisha, mahindi bado yako shambani, na nyumba nyingi zimebaki na makopa, muhogo uliokaushwa. Ndiyo maana naona fitri, yaani zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, isimamiwe na kamati ya msikiti. Kila mtu akigawa peke yake, hupata wanaojulikana. Mjane aliyehamia mtaani juzi hakumbukwi na yeyote.

Kiasi ni pishi moja ya chakula kikuu kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Wengi huihesabu kilo 2.5, hivyo baba wa nyumba ya watu sita hutoa kilo 15. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kinachotolewa ni nafaka yenyewe. Anayeleta fedha aifanye kamati kuwa wakili wake, nayo inunue mchele mapema. Ikingoja kumi la mwisho la Ramadhani liishe, bei imepanda na fedha ileile inaleta magunia machache.

Watu 400 wakitoa, msikiti una kilo 1,000. Hapo ndipo kamati nyingi hukosea: zinagawa kilo mbilimbili kwa watu 500, kila mmoja aridhike. Kilo mbili kwa kaya ya watu watano ni chakula cha siku moja. Kaya 50 zikipata kilo 20 kila moja, zinakula wiki nzima na zaidi.

Lakini kaya zipi? Daftari lianze kuandikwa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. La mwaka jana lisinakiliwe: wapo waliofariki, waliohama, na waliopata nafuu. Waulizwe balozi wa nyumba kumi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na akina mama wa madrasa, kila jina lithibitishwe na wawili. Wagonjwa na wenye haya hawatapanga foleni kamwe. Wapelekewe nyumbani usiku, kwa bodaboda.

Mfuko wa sadaka ya kawaida uwe mbali na wa fitri. Fitri ina watu wake waliotajwa katika sheria. Sadaka inaweza kumfikia jirani Mkristo mwenye njaa, na imfikie.

Mizigo yote itoke kabla ya swala ya Idi. Hadithi ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, iko wazi: kinachotolewa baada ya swala kinahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine.