Kupima mtawanyiko wa faili lenye mashimo

Faili la diski pepe (linalotumiwa na mashine pepe kama diski yake) la gigabaiti 20 linaweza kuchukua gigabaiti 3 tu za diski halisi, kwa kuwa sehemu ambazo hazijaandikwa huachwa kuwa mashimo: zikisomwa hutoa sufuri, ilhali hazina bloku (kipande kidogo cha nafasi ya diski) hata moja. Wasimamizi wengi wa seva hutazama idadi ya ekstenti za faili la namna hiyo na kuamua papo hapo kulipanga upya. Kwa maoni yangu, idadi hiyo peke yake haithibitishi mtawanyiko, yaani kwamba vipande vya faili viko mbalimbali diskini.

Ekstenti ni mfululizo wa bloku uliowekwa katika rekodi moja, na rekodi hukatika kwa sababu nyingi zisizohusiana na mtawanyiko. Katika ext4, mfumo wa faili wa Linux, yenye bloku za kilobaiti 4, ekstenti haivuki megabaiti 128, hivyo hata faili la gigabaiti 1 lililojaa na kunyooka kabisa diskini lina ekstenti zisizopungua 8. Kila shimo nalo hulazimisha ekstenti mpya.

Mimi huomba ramani nzima ya ekstenti kwa FIEMAP, ombi ambalo programu huipelekea kiini cha Linux, iliyoingia katika Linux 2.6.28, nikiweka alama ya SYNC ili data iliyo bado kwenye kumbukumbu ipewe bloku kwanza. Kisha hulinganisha mwisho wa kila ekstenti na mwanzo wa inayofuata kwa anwani za diski, si za faili. Zikigusana, hakuna mkato (mahali faili linaporuka diskini), hata kama kati yake pana shimo.

Penye utata ni pale pengo la diskini linapolingana na ukubwa wa shimo. Ext4 huliacha kwa makusudi, ikikisia kwamba shimo litajazwa baadaye, na maelezo yaliyomo katika msimbo wake yanakiri kwamba ukisio huo haufai sana kwa diski pepe zinazobaki na mashimo, kwani huvunjavunja nafasi huru. Mapengo hayo mimi huyahesabu kando na mikato halisi. Ili kupata uwiano, idadi ya mikato nayo huigawanya kwa bloku zilizotumika, ambazo amri ya du huzionyesha, wala si kwa ukubwa kamili wa faili unaotolewa na amri ya ls -l.

Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, ikiwa na mbano (kupunguza ukubwa wa data) huivuruga hesabu hii, kwa sababu urefu wa ekstenti inaoutoa ni wa data kabla ya kubanwa. Mwisho wa ekstenti diskini haujulikani, na ekstenti zenye alama ya ENCODED, inayoonyesha data iliyobanwa au kusimbwa, mimi huziacha nje.