Yakiniku ni nini?

Neno lenyewe halina fumbo. Kwa Kijapani, yaki ni kuchoma na niku ni nyama; ukiyaunganisha unapata nyama choma. Lakini mtu aliyezoea kuagiza kilo yake ya mbuzi na kupiga soga mpaka aletewe ubaoni, akiingia mkahawa wa yakiniku mjini Osaka atapigwa na butwaa. Nyama inaletwa mbichi, na mchomaji ni yeye mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo maana ya yakiniku. Katikati ya meza kuna jiko, la mkaa au la gesi, na juu yake wavu. Nyama, aghalabu ya ng'ombe, imekatwa vipande vyembamba vya tonge moja. Unaweka viwili vitatu, unageuza, unakula, unaweka vingine. Mgeni utamjua kwa kumwaga sahani nzima kwa mpigo: wavu ukijaa, moto unazidiwa, na nyama inatoa maji badala ya kuchomeka.

Wengi huanza na ulimi, uliotiwa chumvi tu na kukamuliwa limau. Si mbwembwe. Nyama iliyolowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu na ufuta huacha masizi kwenye wavu, kwa hiyo ya chumvi hutangulia. Kisha huja karubi, yaani nyama ya mbavu yenye mafuta, na harami, ile ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Wapenzi wa matumbo nao hawasahauliwi: utumbo, moyo na ini vyote vina nafasi. Ini la ng'ombe ni lazima lichomwe likaive; tangu Julai 2012 mikahawa ya Japani imekatazwa kuliuza la kuliwa bichi. Ndiyo maana pia kuna koleo la kushikia nyama mbichi, na vijiti vya kulia havipaswi kuigusa.

Mboga huwekwa pembeni, moto usikokuwa mkali: boga lililokatwa vipande vyembamba, kitunguu, pilipili hoho, bilinganya, uyoga wa shiitake. Boga ndilo linalosahaulika na kuungua, maana linachelewa kuiva na wakati huo macho yote yako kwenye nyama.

Pamoja na jina lake la Kijapani, mlo huu una damu ya Kikorea. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula nyama ya ng'ombe na wanyama wengine kadhaa, na kwa karne nyingi haikuwa chakula cha kawaida Japani. Mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe ameila. Baada ya vita vilivyokwisha 1945, Wakorea waliokuwa wakiishi Japani walifungua vibanda na mikahawa ya kuchoma nyama na matumbo, na mtaa wa Tsuruhashi, Osaka, unasifika kwa hilo hadi leo. Karubi ni neno la Kikorea, galbi, lililogeuzwa kwa matamshi ya Kijapani, na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, haikosekani mezani. Kilichobaki kuwakera wateja kilikuwa moshi. Miaka ya 1980 yalienea majiko yanayounyonya kwenda chini kabla haujafika kwenye nguo, na yakiniku ikawa mlo wa familia nzima.

Isichanganywe na teppanyaki, ambako mpishi hupika mbele yako juu ya bamba la chuma, wala yakitori, mishikaki ya kuku inayochomwa na mwenye duka. Ndugu yake wa karibu zaidi ni jingisukan ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Huko nyama ni ya kondoo, na badala ya wavu kuna kikaango kilichotuna katikati kama kofia. Nyama hukaa kileleni, mboga ukingoni, na mafuta yote yanayoteremka huishia kwenye kabichi na kitunguu. Binafsi, ningegombania kabichi hiyo kabla ya nyama.