Kiwewe baada ya tukio baya: maswali mnayoniuliza sana, na tafiti za huku kwetu zinasema nini

Mimi ni mwanasaikolojia, kazi yangu ni watu waliopata ajali, waliobakwa, waliokimbia vita, waliofiwa ghafla. Maswali yanayokuja kwenye simu na kliniki yanafanana mno, kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja. Nimeyafupisha, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa.

Shikamoo dokta. Mume wangu alipata ajali ya bodaboda wiki mbili zilizopita. Mguu unapona ila usiku halali, pikipiki ikipita nje anashtuka mpaka anamwaga chai. Ameanza kuchanganyikiwa?

Marahaba dada. Hapana, hajachanganyikiwa. Wiki za mwanzo baada ya tukio baya mwili bado uko kwenye hali ya hatari, masikio yako macho, usingizi wa mang'amung'amu, moyo unaenda mbio kwa kitu kidogo tu, na kwa watu wengi hiyo hali inashuka yenyewe taratibu bila dawa wala mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 70 kati ya 100 duniani wanapitia angalau tukio moja la namna hii maishani, lakini wanaofikia ule ugonjwa wenyewe wa kiwewe, ile PTSD mnayoisikia, ni wachache sana, kama asilimia 5.6 ya waliopitia. Kwa waliobakwa au waliokaa kwenye vita idadi inapanda.

Tunaanza kuuita ugonjwa pale hali inapoendelea baada ya wiki kadhaa, wengi tunatumia mwezi mmoja kama mpaka, na iwe imeshaanza kuharibu kazi, ndoa au masomo. Tunaangalia vitu vitatu. Kwanza tukio linarudi kama vile linatokea sasa hivi, sio kulikumbuka tu, namaanisha anaisikia breki, ananusa petroli, na ndoto usiku. Pili anakwepa, hapiti ile barabara, hataki hata jina la pale litajwe. Tatu anaishi kama hatari bado ipo chumbani, anakaa na mgongo ukutani, anashtuka. Mumeo kwa sasa mpe muda, mpe usingizi, mpe chakula, mfanye arudie shughuli ndogo ndogo za kila siku. Mwezi ukipita na bado chai inamwagika, njooni.

Sisi tulimkalisha tukamwambia asimulie yote mwanzo mpaka mwisho ili atoe moyoni, tena kila mgeni akija anasimulia upya. Mbona amezidi?

Hili linawashangaza wengi. Miaka ya 80 na 90 hata wataalamu waliamini hivyo hivyo, kwamba mtu akitoka kwenye tukio umkalishe haraka, kikao kimoja, aeleze kila kitu, na ikawa kawaida kwa zimamoto, polisi na wahanga wa ajali. Halafu watu wakaanza kupima. Kule Oxford, Uingereza, walichukua majeruhi wa ajali za barabarani waliolazwa, wengine wakafanyiwa kikao hicho na wengine wakaachwa bila, kisha wakawafuatilia mpaka miaka 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: waliokuwa na mshtuko mkubwa mwanzoni na wakafanyiwa kikao walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao walioachwa. Sasa hivi miongozo ya dunia haipendekezi tena kikao cha namna hiyo kama kinga ya kiwewe.

Badala yake siku za mwanzo tunatoa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo wala haihitaji cheti. Hakikisha yuko salama, amekula, ana maji, ana simu yenye chaji, ndugu zake wanajua alipo. Akitaka kuongea msikilize, asipotaka kaa naye kimya. Na wale wageni wanaokuja na "hebu tuambie ilikuwaje", dada wewe ndio geti, wape chai wazungumze mpira.

Kwa hiyo anyamaze? Maana baba mkwe yeye anasema mwanaume ajikaze.

Hapana tena! Hapa ndipo watu wanapotoka kosa moja wanaingia jingine. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja, Nairobi peke yake walikufa watu 213. Madaktari wa akili wa Kenya, akiwemo Dk. Frank Njenga, walikusanya majibu ya watu zaidi ya 2,800 walioguswa na mlipuko wa Nairobi, na kama 35 kati ya kila 100 walikuwa na dalili zinazokaribia PTSD. Waliokuwa na hali mbaya zaidi, mbali na walioumia na waliofiwa, ni pamoja na ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yeyote yaliyowasibu, na waliokumbwa na shida ya hela baada ya mlipuko. Hilo la hela nalipenda kulirudia maana sisi wanasaikolojia tunalisahau. Mtu anayedaiwa kodi hapumui vizuri hata umfundishe kupumua vipi.

Kwa hiyo kusimulia kunasaidia, sana tu, ila kuwe na wakati wake, mtu wake na mpangilio wake. Siku ya pili mbele ya majirani kumi sio wakati. Na miezi sita baadae anapokuamsha usiku anataka kusema, ukimwambia jikaze umemfungia mlango.

Huo mpangilio ukoje? Mkikaa kliniki mnafanya nini hasa?

Njia ziko kadhaa, nitaeleza ile ambayo naipenda kwa sababu imepimwa hapa hapa Afrika Mashariki, inaitwa terapia ya simulizi. Waliianzisha wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na wakaipima mapema kwenye makambi ya wakimbizi Uganda.

Kikao cha kwanza cha maana tunatandaza kamba sakafuni. Kamba ndio maisha yako, upande huu umezaliwa, ule mwingine ni leo, sehemu iliyobaki imekunjwa maana bado hujaiishi. Halafu unapewa maua na mawe. Ua kwa kila zuri, jiwe kwa kila baya, makubwa kwa madogo, unapanga kwa mfuatano. Bibi mmoja alishika jiwe akalizungusha mkononi muda mrefu akaliweka, hakusema ni nini, na sikumuuliza, siku hiyo kazi ni kupanga tu. Watu wengi wanashangaa kwamba maua yapo, maana kichwani mwao maisha yote yamekuwa lile jiwe moja.

Vikao vinavyofuata, kila kimoja kama saa moja na nusu, tunatembea kwenye kamba kuanzia kuzaliwa. Tukifika kwenye jiwe tunapunguza mwendo. Ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umevaa nini, ulisikia nini, ulifikiri nini, mwili ulifanyaje wakati ule, na sasa hivi unapoongea mwili unafanyaje? Hilo swali la mwisho ndio moyo wa kazi. Waanzilishi wa njia hii wanasema kuna kumbukumbu ya moto na kumbukumbu ya baridi. Ya moto ni harufu, sauti, jasho, hofu, haina tarehe, ndio maana mlio wa pikipiki unairudisha kama ni leo. Ya baridi ni wapi, lini, baada ya nini. Kwa mwenye kiwewe hizi mbili zimeachana, sasa sisi tunazirudisha pamoja, ile hofu ipate tarehe na mahali, mwili uelewe kwamba lilitokea, pale, siku ile, na liliisha. Hatukatishi kikao mtu akiwa kileleni mwa hofu, tunakaa naye mpaka ishuke, kwa hiyo usije ukaijaribu nyumbani ukiwa na daladala ya kuwahi.

Baada ya kikao naandika alichosema, kikao kinachofuata namsomea, anasahihisha, tunaendelea. Mwisho anaondoka na maisha yake yote yameandikwa. Wengine wanayaficha kabatini, wengine wanaomba nakala ya watoto.

Inafanya kazi? Kambi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi wa Sudan, utafiti wa 2004: mwaka mmoja baadae waliopata terapia ya simulizi, 29 tu kati ya 100 ndio bado walikuwa na PTSD, wakati waliopata ushauri wa kawaida wa kutiwa moyo walikuwa 79. Kundi lilikuwa dogo, watu 43, nisiwadanganye. Ila tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba wakarudi kupima upya na kundi kubwa zaidi.

Haya mazuri, lakini dokta sisi wa vijijini huyo mwanasaikolojia tunampata wapi?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linanipa nguvu ya kazi hii. Hilo kundi kubwa lilikuwa Nakivale, Uganda pia, wakimbizi wa Rwanda na Somalia 277, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa wiki 6! Miezi tisa baadae kama 70 kati ya 100 ya waliopata simulizi hawakuwa tena na PTSD. Na kundi jingine lililopewa ushauri wa kiwewe wenye uhuru zaidi lilifika 65, karibu sawa, kwa hiyo sisemi njia ni moja.

Congo ya mashariki vile vile. Kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono kule Kivu Kusini na Ituri, walitumia tiba nyingine ya vikundi, ya kuchambua mawazo yanayomtesa mtu baada ya tukio, na vikundi viliendeshwa na wasaidizi wa kijamii ambao wengi walikuwa na elimu ya sekondari, na kwa sababu wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi ya kuandika ya tiba hiyo yalibadilishwa yakawa ya kukariri. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa 9 kati ya 100, na kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja wa kawaida walikuwa 42.

Kwa hiyo mhudumu wa afya wa jamii pale kijijini kwako, akifundishwa vizuri na akawa na mtu wa kumsimamia, anaweza. Hilo la kusimamiwa watu wanalirukaga. Semina ya siku mbili, fulana na cheti haitoshi, mtu anaachiwa mizigo ya kijiji kizima na mwishowe anaugua yeye.

Niko Bungoma, mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 9, wazazi wote wameenda. Hasemi kitu, anacheza mazishi tu na wenzake. Nimkataze?

Pole sana kwa msiba. Usimkataze. Mtoto anasema kwa mchezo kile ambacho mdomo haujaweza. Cha kuangalia ni kama mchezo unabadilika, siku nyingine anaongeza kitu, au unarudi ule ule kama kaseti iliyokwama na yeye anatoka ameumia zaidi. Akiwa hivyo, au amerudia kukojoa kitandani, au masomo yameporomoka, mtafutie msaada.

Na nyinyi wa Bungoma mko kwenye utafiti mkubwa wa jambo hili. Watoto yatima 640, miaka 7 mpaka 13, Bungoma na Moshi, walikutana kwa vikundi vikao 12, walezi nao wakiwa na vikao vyao, wanaoendesha wakiwa sio wataalamu. Walilinganishwa na watoto waliopata huduma ya kawaida tu, mjini na vijijini kwa kila nchi, na baada ya tiba maeneo 3 kati ya hayo 4 yalionyesha faida. Mwaka mmoja mbele, Kenya tofauti ilikuwa bado ipo, ila Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu karibu sawa. Kitu kimoja toka kwenye hizo tiba unaweza kuanza leo: mwambie ukweli. Mama alikufa, hakusafiri. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri anabaki kusubiri gari.

Duka la dawa walimpa kaka Valium alale. Iko sawa?

Mwezi wa kwanza baada ya tukio, Shirika la Afya Duniani linasema usitumie dawa za jamii hiyo kutibu mshtuko wala kukosa usingizi kunakotokana nao. Mwili unazizoea na hazigusi kiwewe. Pombe ni hivyo hivyo, inalaza saa mbili halafu saa tisa usiku macho kodo. Kama amezitumia muda mrefu asikate ghafla, aende kwa daktari apunguziwe polepole. Zipo dawa nyingine, kama sertralini, zinazosaidia baadhi ya watu, lakini ni za daktari na zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Shekhe anamsomea, na shangazi anasema ni jini. Tuache?

Msiache kisomo kama anatoka pale ametulia. Mchungaji, shekhe, wanakwaya, hao ndio wanaofika nyumbani kabla yangu. Ninachokataa ni viwili tu, kumpiga au kumfungia mtu kwa jina la kutoa jini, na kumwambia anaumwa kwa sababu imani yake ndogo. Dua asubuhi, kliniki mchana, sioni ugomvi.

Dokta, nimebakwa juzi usiku. Sijamwambia mtu.

Mpenzi, huna kosa. Usisubiri kusoma mengine, nenda hospitali sasa hivi. Dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, kadiri ya mapema ndivyo bora, na unaimeza siku 28. Ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka siku 5. Kama hujaoga usioge, nguo ziweke kwenye mfuko wa khaki sio wa plastiki, na kama umeshaoga nenda hivyo hivyo. Polisi Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto, Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, Kenya piga 1195 bure. Aliye chini ya miaka 18, namba ni 116 nchi zote mbili. Lakini hizo saa 72 zisiishie kwenye benchi la kusubiri karatasi ya polisi, dawa kwanza. Kichwa chako tutakishughulikia, kina muda, dawa haina.

Nikifika hospitali ya mkoa niseme nini? Naogopa wataniandikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma.

Hawakuandikii Mirembe kwa kukosa usingizi. Sema mapokezi, "naomba kliniki ya afya ya akili", ukiona aibu mwandikie kwenye karatasi umpe. Ndani mwambie nesi lini tukio lilitokea, unalala saa ngapi, nini unakikwepa, unakunywa nini. Huna haja ya kueleza tukio lenyewe siku hiyo, akikulazimisha sema hujawa tayari. Kama una mawazo ya kujiua hilo litamke la kwanza kabisa, na usiende peke yako, nenda na mtu, hata kama ni usiku mlango wa dharura uko wazi.