Aidoli mbovu kwenye injini mpya ya nguvu: maana yake na pa kuanzia

Aidoli ni mwendo wa injini inayowaka huku gari limesimama na mguu haujagusa pedali ya mafuta. Kwa Subaru ya silinda nne ni kama mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Kila silinda hulipuka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hivyo kwenye mizunguko 800 zote nne hulipuka mara 1,600 kwa dakika. Aidoli huitwa mbovu milipuko hiyo isipolingana: injini inatikisika, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, au gari linazimika kila ukisimama kwenye msongamano wa Mombasa Road.

Injini iliyoundwa upya kwa ajili ya nguvu ina mtikisiko wake wa halali, na hapo ndipo wengi hupotea. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) iliyo kali huziacha valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kasi ikiwa juu, injini hunufaika. Kasi ikiwa chini, moshi uliobaki huchafua hewa mpya na moto hudhoofika. Mtikisiko huo utakuwepo maisha yote ya injini. Nao ule mngurumo wa Subaru unaopendwa sana Nairobi si kumisi, yaani silinda kukosa kulipuka, hata kidogo. Hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Cha kutilia shaka ni mtikisiko unaotoka silinda ileile. Chomoa waya wa injekta moja (kifaa kinachopuliza mafuta kwenye silinda), urudishe, kisha uende kwa nyingine, injini ikiwa inawaka. Ukizima silinda yenye afya, injini hulegea papo hapo. Usiposikia tofauti yoyote, ndiyo hiyo inayomisi.

Silinda zote zikimisi bila mpangilio, mimi huanza na hewa. Kwenye aidoli mlango wa hewa umekaribia kufungwa, kwa hiyo hata tundu dogo huingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayotumika. Angalia gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), mpira wa injekta, kibomba cha vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) kilichosahaulika siku ya kufunga injini, hata kifuniko cha oili. Kama kompyuta ya gari inapima hewa kwa sensa iliyo baada ya chujio, hewa ya pembeni haihesabiwi na mafuta yanapungua. Kama inasoma presha ndani ya manifoldi, hewa hiyo huhesabiwa, na dalili huwa ni aidoli kupanda juu. Tundu hutafutwa kwa mashine ya moshi. Tafadhali usikubali mtu anyunyize petroli juu ya injini yenye ekzosi ya moto ili asikie mlio ukibadilika; magari yameungua hivyo.

Geji ya vakyumu nayo husaidia sana, mradi ukumbuke uko wapi. Vitabu husema injini ya kawaida husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu, na kila mita 300 hupunguza kama inchi moja. Kwa hiyo 13 iliyotulia hapa ni afya, ingawa Mombasa ingekuwa ya kutia wasiwasi, na kamshafti kali huishusha zaidi. Mshale ukiruka kwa mpigo uleule, shuku valvu. Ukitulia lakini chini mno, kagua taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti: ukiruka jino moja tu, inatosha.

Injekta kubwa zinastahili subira. Kwenye aidoli injekta ya cc 1,000 (kiasi cha mafuta inachoweza kutoa kwa dakika) hufunguka kwa milisekunde chache tu, na sehemu ya muda huo huisha kabla mafuta hayajaanza kutoka. Sehemu hiyo hubadilika na volti ya betri. Isipoandikwa sawasawa kwenye kompyuta, gari litatulia hadi uwashe taa na feni, kisha lianze kukohoa. Hapo hakuna cha kufungua kwenye injini; ni kazi ya fundi anayepanga kompyuta ya gari.

Kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, ipimwe injini ikiwa na joto na mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa. Mwongozo ukisema psi 150, hapa Nairobi tarajia kama 125. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti ikizidi asilimia 15, kagua nafasi za valvu, kwani valvu iliyobanwa mno haifungi. Ila pete za pistoni mpya bado hazijakaa sawa kwenye kuta za silinda, na hukaa kwa mzigo, si kwa kuunguruma saa nzima uani. Endesha kwa mzigo wa wastani, badilisha oili, kisha pima tena kabla mtu yeyote hajagusa boliti za hedi.